Pikipiki ya Matairi Manne Siyo Bodaboda: Mwongozo Kamili wa Kuiendesha na Kuitunza Pwani ya Tanga

Binamu yangu ameendesha bodaboda miaka tisa Pangani, masika na kiangazi. Siku ya kwanza alipopanda pikipiki ya matairi manne kwenye shamba la minazi ninalolisimamia ng'ambo ya mto, hakuufikia mnazi wa kumi. Alikata kona taratibu, akahisi chombo kinaelemea upande mmoja, akafanya kile ambacho miaka tisa ilimfundisha: akashusha mguu chini kujiegemeza. Tairi la nyuma likaupanda ule mguu kuanzia kisiginoni, likamvuta kutoka kwenye kiti. Mwendo ulikuwa wa mtu anayetembea na mchanga ulikuwa laini, ndiyo maana aliinuka na kifundo kilichovimba tu.

Tangu siku hiyo, dereva ninayemhofia zaidi kwenye chombo hiki ni mzoefu wa bodaboda. Mgeni kabisa huwa anaogopa, anauliza, anasikiliza. Mzoefu anakuja na mwili uliokwisha fundishwa, na mafunzo yenyewe ni ya chombo kingine. Kwa kuwa huku kwetu karibu kila anayekabidhiwa funguo za matairi manne katokea kwenye bodaboda, mwongozo huu nimeuandika nikiwa namfikiria yeye.

Kijue chombo kabla ya kukipanda

Vya kwanza vya aina hii vilikuwa na matairi matatu. Honda ilianza kuviuza Marekani mwaka 1970, vikapendwa sana, na vikaumiza watu wengi kwa kupinduka, hadi mwaka 1988 watengenezaji wakakubaliana na serikali ya nchi hiyo kuacha kuviuza. Tairi la nne lilisaidia, ila hatari haikuondoka. Chombo cha shamba kina uzito wa kilo 250 hadi 350, ni kifupi, ni chembamba, na wewe umekaa juu yake kama umepanda punda. Kikiinama kupita kiasi kinakuja chote, na hakuna kibanda cha kukukinga.

Matairi yake ni mapana na laini, yanajazwa upepo kidogo sana ili yajilaze juu ya mchanga na tope. Ekseli ya nyuma kwenye vyombo vingi haina difu, au difu yake huwa imefungwa, kwa hiyo matairi mawili ya nyuma yanazunguka kwa kasi moja hata kwenye kona. Kwenye mchanga tairi la ndani linateleza kidogo na kona inakatika. Kwenye lami tairi halitelezi: linang'ang'ania, chombo kinakataa kugeuka, kisha kinageuka ghafla. Hiyo ndiyo sababu ya kutokipandisha barabara ya lami. Ukilazimika kuvuka, vuka moja kwa moja, gia ndogo, macho pande zote.

Kiti ni kirefu, na hapo ndipo mishikaki, yaani kupakizana watu wengi, inapoanzia. Urefu ule umewekwa ili dereva apate nafasi ya kusogea mbele na nyuma, kushoto na kulia. Abiria akikaa pale, dereva hawezi kusogea, na chombo hiki bila mwili wa dereva kusogea hakina salama. Kama stika iliyo kwenye tanki inasema mtu mmoja, ni mtu mmoja, hata kama wa pili ni mtoto wa miaka sita anayelia kutaka kupanda. Na mtoto aliye chini ya miaka 16 asiendeshe chombo cha mtu mzima kabisa. Najua mashambani watoto wanashika jembe mapema, lakini jembe halimlalii mtu kifuani.

Dakika kumi za asubuhi

Anza na matairi, kwa sababu ndiyo yanayopuuzwa kuliko vyote. Upepo unaotakiwa kwa kawaida ni kati ya psi 3 na 7, mara nyingi 5. Soma ubavuni mwa tairi na kwenye kitabu cha chombo. Geji ya kituo cha mafuta haiwezi kukusomea namba ndogo hivyo, kwa hiyo nunua geji ya upepo mdogo na uitunze mfukoni mwako. Nilipokuwa sijanunua, nilikipeleka chombo kwa kijana wa pancha, naye kwa nia njema akajaza mpaka tairi likawa gumu kama mpira wa miguu. Nilirudi shambani narukaruka, usukani unanipokonya mikono kila kwenye kisiki. Upepo ukizidi, tairi halikumbatii ardhi, linadundadunda.

Kuna jambo moja zaidi. Tairi la kushoto na la kulia yakitofautiana hata kidogo, chombo kinavuta upande mmoja. Chukua kamba, zungushia tairi la kushoto katikati ya uso wake, weka alama, kisha zungushia la kulia. Kama urefu hautoshani, ongeza au punguza upepo mpaka utoshane. Ni kazi ya dakika tatu.

Kisha shika kila tairi juu na chini, ulitikise kwa nguvu. Likicheza na ukasikia mlio wa "tok", ni beringi, boljointi au tairodi imelika, na safari imeishia hapo. Kaza nati za rimu kwa spana, mkono hautoshi.

Breki: sukuma chombo, bana breki ya mkono, kisimame. Achia, sukuma tena, kanyaga ya mguu. Kama lever inafika karibu na mpini kabla breki haijashika, usiondoke.

Aksileta hapa inasukumwa na gumba, tofauti na ya kuzungusha uliyoizoea. Ukiwa hujawasha injini, sukuma kisha achia: lazima irudi yenyewe kwa mlio mkali wa "tak". Geuza usukani wote kushoto, jaribu. Geuza wote kulia, jaribu tena. Waya wa aksileta hushika kutu haraka huku pwani, na aksileta inayorudi polepole kama mlango wa zamani ndiyo itakayokuingiza mnazini.

Oili itazame chombo kikiwa sehemu tambarare na injini imepoa. Ukiona rangi imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, usiwashe. Maji ya radieta yatazame kabla ya kuwasha, kamwe usifungue kifuniko cha moto. Cheni kama ipo, ibonyeze katikati, icheze kiasi cha sentimita tatu au kama kitabu kinavyosema. Mwisho washa injini, halafu jaribu swichi nyekundu ya kuzimia. Lazima izime papo hapo.

Kuhusu mavazi sitasema mengi: helmeti iliyofungwa mkanda, miwani ya kuzuia vumbi na makuti, buti zinazofunika vifundo, suruali ndefu, mikono mirefu, glavu. Ndala hapana. Binamu yangu alikuwa na ndala.

Siku ya kwanza: uwanja, makumbi na mwili

Mfundishe mtu kwenye uwanja wa mpira asubuhi, kabla ya jua kali, asijifunzie kazini. Panga makumbi ya nazi kwa mistari miwili, hatua nane kati ya kumbi na kumbi. Kwa saa nzima ya kwanza atumie gia ndogo tu.

Hatua ya kwanza ni kukaa. Magoti yabane tanki kidogo, viwiko vikunjwe, miguu yote miwili juu ya vibao vya kukanyagia. Hapo mwambie maneno haya, kisha umrudishie tena na tena: mguu haushuki. Chombo kikiinama, mguu haushuki. Kikizima, mguu haushuki mpaka kisimame kabisa na breki ya kuegeshea ifungwe. Kwenye bodaboda mguu chini ni nguzo. Hapa mguu chini uko mbele ya tairi la nyuma.

Hatua ya pili ni gumba. Mtu aliyezoea kuzungusha mpini hujishikiza kwa nguvu chombo kinaporuka, na akijishikiza kwa nguvu huku mwili umerudi nyuma, gumba linasukuma aksileta bila yeye kujua. Chombo kinaongeza kasi, yeye anazidi kurudi nyuma, gumba linazidi kusukuma. Mfanyie zoezi la kuanza na kusimama mara ishirini: anza, hatua kumi, ondoa gumba kabisa, bana breki, simama. Mpaka kuondoa gumba kuwe kwa kwanza kila anaposhtuka.

Hatua ya tatu ni kona, na hapa bodaboda inapingana na matairi manne waziwazi. Bodaboda inalala pamoja na wewe. Chombo hiki hakilali, unalala wewe peke yako. Punguza mwendo kabla ya kona. Sogea mbele kidogo kwenye kiti. Kiwiliwili kiegemeze upande wa ndani wa kona, lakini uzito wa miguu uupeleke kwenye kibao cha nje. Inasikika kama kinyume, ila fanya mara moja utaelewa: tairi la nyuma la ndani linapunguziwa mzigo, linateleza kidogo, na chombo kinageuka kwa ulaini badala ya kung'ang'ania. Zunguka makumbi kwa umbo la namba nane, kwanza mwendo wa miguu, baadaye gia ya pili. Dereva akikaa wima kama mzigo wa mkaa, utaona matairi ya ndani yanainuka.

Asiyeweza kuzunguka namba nane bila kushusha mguu bado hajawa tayari kwenda shambani, awe na leseni ya miaka mingapi.

Mpando na mteremko

Pangani yenyewe ina vilima vifupi, lakini wenzetu wa Muheza na njia za kwenda Amani wana mipando ya kweli. Kanuni ni moja: mwili daima uende upande wa mlima.

Kabla ya kupanda, shuka uutembee kwa miguu mpando usioujua. Tazama kilele kina nini upande wa pili. Weka gia ndogo ukiwa bado chini, sogea mbele, na mpando ukiwa mkali simama juu ya vibao huku kifua kikiwa juu ya usukani. Gumba liwe la upole. Ukisukuma ghafla, mbele kunainuka.

Injini ikizima katikati, usigeuze chombo palepale ukiwa umekikalia. Lala mbele, bana breki ya mbele, na kikisimama kabisa ongeza ya nyuma, funga ya kuegeshea, kisha shuka upande wa juu. Kikianza kurudi nyuma kabla hujakisimamisha, baki umelala mbele na ubane breki ya mbele kidogo kidogo. Breki ya nyuma ukiikanyaga ghafla wakati chombo kinarudi nyuma, matairi ya nyuma yatagoma na mbele kutakuja juu yako. Vyombo vingine breki zake zimeunganishwa mbele na nyuma, kwa hiyo soma kitabu cha chako. Ukiona huwezi kukizuia, kiache. Ruka upande wa juu, kiende.

Kuteremka: gia ndogo tangu juu, rudi nyuma kwenye kiti, mikono inyooke, breki za kugusagusa. Vijana wa bodaboda wana tabia ya kuweka fri kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Hapa fri ni marufuku. Injini ndiyo inayokishika chombo, na ukiiondoa unabaki na breki zinazopata moto huku kilo 300 zinakusukuma.

Kukatiza kilima kwa ubavu, epuka. Ukilazimika, uzito wote upande wa juu, mwendo wa konokono, na ukihisi matairi ya juu yanakuwa mepesi, elekeza usukani chini ya mteremko mara moja kama njia iko wazi.

Ufukwe, mikoko na maji

Siku moja nilifika Ushongo saa nane mchana, nikamkuta mzee anatengeneza nyavu chini ya mkungu.

"Shikamoo mzee. Naweza kupita ufukweni mpaka kule kwenye mkondo, nikarudi?"

"Marahaba mwanangu. Leo mwezi ngapi?"

"Kumi na nne."

"Basi bamvua hilo. Saa kumi maji yako hapa nilipokaa. Nenda, ila chombo chako utakifuata kesho kwa mtumbwi."

Niligeuza. Anayetaka kupita ufukweni lazima ahesabu mwezi kama mvuvi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, maji yanakupwa mbali na kujaa juu sana. Katikati yake ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Kila siku maji yanachelewa kwa kiasi cha dakika 50. Ondoka maji yakiwa yanakupwa, na uwe umerudi kabla hayajaanza kujaa. Pita kwenye mchanga mgumu wenye unyevu. Ukiona mchanga unang'aa na kutetemeka kama ugali mwepesi, zunguka.

Sehemu ya juu ya alama ya maji makuu usipite kabisa. Kasa wanataga huko kwenye fukwe za Ushongo na za Saadani, mayai yanakaa mchangani karibu miezi miwili, na tairi moja linatosha kuuponda mchanga juu yake. Hata mitaro ya matairi ni mtego: kasa mdogo anayetambaa kuelekea baharini anaingia mtaroni asiweze kutoka, jua linamkuta. Usiku usiende ufukweni na chombo. Hilo nalisimamia kwa ukali shambani kwetu.

Tope la mikoko liache. Chini ya lile tope kuna mizizi iliyochongoka, na chombo kikizama humo kinangojewa na maji ya saa sita zijazo.

Kuvuka kijito: pima kwa fimbo kwanza. Maji yakipita vibao vya miguu, rudi. Vuka mwendo mmoja wa taratibu usio na kusita, na ukitoka bana breki mara kadhaa zikauke. Chombo cha mkanda kikiingiwa maji kwenye nyumba ya mkanda, injini itanguruma lakini hakiendi. Tafuta tundu la kutolea maji chini ya kifuniko, fungua yamwagike. Kikizama kabisa mpaka injini ikanywa maji, usiguse stata. Maji hayabanwi kama hewa, na stata inaweza kupinda mkono wa pistoni. Kiburute nje, fungua plagi, mwaga maji, badilisha oili mara mbili au zaidi mpaka itoke safi.

Mzigo

Keria ya mbele ya vyombo vingi vya shamba hubeba kiasi cha kilo 40, ya nyuma kiasi cha 80, na stika yako ndiyo yenye neno la mwisho. Zidisha hesabu kwa uangalifu unapobeba maji, maana lita 100 ni kilo 100 kabla hujapima tanki lenyewe.

Hilo nililipuuza vuli moja. Nilifunga tanki la dawa la lita 100 kwenye keria ya nyuma, nikapulizia mpaka likabaki nusu, nikadhani sasa ni jepesi. Nikapanda tuta la mnazi mkubwa. Katikati ya tuta maji yote yalikimbilia nyuma kwa pamoja, nikaona taa za mbele zinatazama makuti. Niliruka upande wa juu. Chombo kilipinduka kinyumenyume na kulikandamiza tanki pale ambapo mgongo wangu ulikuwepo. Bega liliuma mwezi mzima. Tanki lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu ndani mna maji yanayotembea. Tanki kubwa liweke kwenye trela, na trela ikokotwe kwa ndoano ya chini, kamwe kamba isifungwe kwenye keria: ukivuta kutoka juu, mbele kunainuka.

Kikipinduka

Mwenye kwenda peke yake aseme anaelekea wapi na atarudi saa ngapi, na simu ikae mwilini, siyo kwenye kiboksi cha chombo. Aliyelaliwa na chombo anaweza kukosa pumzi ndani ya dakika chache hata kama hana jeraha. Zima injini kwanza. Inueni watu wengi, mkiinua kutoka upande ambao hakitarudi kumwangukia. Asiyeweza kusogeza miguu au anayelia shingo asikalishwe wala kupandishwa bodaboda. Mlazeni hivyo hivyo, kichwa kimeshikwa, pigeni simu 112 na mtafute gari la kumlaza. Pangani kuna hospitali ya wilaya, na majeraha makubwa yanapelekwa Bombo, Tanga mjini. Anayekaa ng'ambo ya mto ajue ratiba ya kivuko kwa moyo.

Chumvi

Hapa ndipo vyombo vingi vya pwani vinapofia. Hata kisichogusa bahari kinalambwa na upepo wa kusi na kaskazi kila siku. Utaona kwanza unga mweupe kwenye vichwa vya betri, kisha vumbi jekundu kwenye waya, na siku moja bolti inakatikia mkononi mwa fundi.

Kioshe siku hiyohiyo kilipotoka ufukweni, injini ikiwa imepoa. Onja maji kwanza. Ndiyo, yaonje. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya magadi au chumvi, na kuoshea chumvi kwa chumvi ni kazi bure. Sisi tuna pipa la maji ya mvua kwa ajili hii tu. Mwaga maji mengi ya upole chini ya chombo, ndani ya rimu, kwenye breki na nyuma ya radieta. Mashine ya kupuliza maji kwa nguvu usiielekeze kwenye beringi, kwenye mapezi ya radieta wala kwenye waya. Kisha kiendeshe kidogo huku ukibana breki ili zikauke.

Baada ya kukauka, piga grisi kwenye chuchu zote za grisi mpaka ya zamani itoke, na baada ya kila safari ya maji rudia. Vichwa vya betri visugue kwa brashi ya waya, ukaze, upake grisi juu. Kila bolti unayoifungua irudishe na tone la grisi kwenye nyuzi zake. Grisi isiguse diski za breki.

Huduma ya gereji, hata kama gereji ni chini ya mwembe

Chombo hiki huhesabiwa kwa saa, kilomita hazisemi kitu. Kipya kabisa, oili ya kwanza ibadilishwe baada ya saa 20 hivi. Baada ya hapo mimi hubadilisha kila saa 50, ingawa vitabu vingi vinaruhusu hadi 100, kwa sababu ya vumbi letu. Nunua oili ya pikipiki ya 4T, mara nyingi 10W-40, yenye alama ya JASO MA. Kwenye vyombo vingi klachi inaogelea ndani ya oili hiyohiyo ya injini, na oili ya gari yenye vilainishi vya kupunguza msuguano inaifanya iteleze: injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki.

Chujio la hewa ndilo linaloamua injini itaishi miaka mingapi. Barabara za mashamba ya mkonge zina vumbi jekundu laini kama unga wa muhogo. Fungua chujio kila wiki ya kiangazi. Likiwa la sponji, lifue kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, likamue bila kulisokota, lianike kivulini, kisha lipake oili na kulikamua tena ili libaki na unyevu. Petroli isitumike kulifulia: inaila gundi ya sponji, na harufu yake inangoja tu mtu awashe sigara. La karatasi halifuliwi, linabadilishwa. Na kamwe usiendeshe bila chujio "mpaka kesho".

Plagi ikitoka na rangi ya kahawia ya ganda la karanga, injini iko sawa. Ikiwa nyeusi yenye masizi, anza na chujio. Ikiwa nyeupe, injini inapata moto kupita kiasi, mwone fundi.

Mafuta ya breki ni yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko, mara nyingi DOT 4. Yanafyonza unyevu wa hewa, na hewa yetu ina unyevu mwingi, kwa hiyo badilisha kila miaka miwili. Nimeona mtu akiongeza hidroliki ya trekta kwa kuwa ilikuwa karibu. Raba zote za breki zilivimba, ikawa kununua pampu mpya.

Petroli ya chupa za kandokando ya barabara ipumzishe kwanza kwenye chupa nyeupe. Maji yakiwemo yatakaa chini, utayaona kama mstari.

Kuhusu miiba. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893, ukapandwa Kikogwe, hapa hapa Pangani, na mwiba wa ncha ya jani lake bado unatushinda. Ni mweusi, mgumu kama msumari, urefu wa sentimita mbili hivi. Ukiukuta umezama kwenye tairi na upepo hautoki, usiuchomoe porini. Rudi nao taratibu mpaka kwenye uzi wa kuzibia na pampu. Chomoa ukiwa na uzi tayari umepakwa gundi, pitisha, kata, jaza, paka mate utazame mapovu.

Masika

Mvua za Machi mpaka Mei mara nyingi chombo kinakaa. Kioshe, kikaushe, kipake grisi. Kama kina kabureta, funga bomba la mafuta na uiache injini iunguze hadi izime yenyewe, ili petroli isikauke ndani na kuziba vijitundu. Jaza tanki ili kutu isipate nafasi. Toa waya wa betri, na uichaji kila mwezi. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi ikiwa imepumzika. Kiinue juu ya magogo matairi yasilale upande mmoja, na usikifunike kwa nailoni inayogusa chuma, maana jasho linabaki ndani.

Siku ya kukitoa, usiende moja kwa moja kwenye stata. Fungua kiti na kifuniko cha chujio kwanza. Mwaka jana tulikuta panya amejenga kiota cha kumvi ndani ya chujio, watoto wanne, na amekata waya mmoja wa taa. Wahamishe, funga waya, safisha, rudisha chujio safi, pima upepo, jaribu aksileta irudi, ndipo uwashe.